Milango Tisa na Foleni ya Sindano

Siku mliponiaga, baada ya soda na ile hotuba iliyonisifu mpaka nikadhani anaagwa mtu mwingine, nesi mmoja kati yenu alinifuata jikoni akaniuliza: "Mama, zamani mliwezaje kumweka mgonjwa wa kifua kikuu wodini mwaka mzima na nusu bila kutoroka?"

Nikamjibu, "Kwa ng'ombe aliyesema lugha nne."

Akacheka kwa adabu, kama mnavyotucheka sisi wastaafu mkidhani tumeanza kuchanganyikiwa. Ndiyo sababu naandika. Vyeo sitavitaja; viko kwenye faili, na faili nasikia limeliwa na mchwa. Nitaeleza habari za wodi moja, mwanzo wa kazi yangu, na hadithi moja ndefu ambayo mpaka leo sijaamua kama niliipenda ilivyokwisha.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Kighare, Ugweno. Miaka michache baada ya Uhuru nilimaliza mafunzo ya uuguzi, nikapangiwa hospitali moja juu kwenye milima ya Upare Kusini. Tuliondoka Same asubuhi kwa lori la magunia, jua likituunguza, na tulipofika juu nilikuwa natetemeka kwa baridi na gauni langu jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Mwenzangu mmoja pale hospitalini alinisemesha Chasu, lugha ya kule, nikamjibu kwa Kigweno, akaangua kicheko akawaita na wengine waje wasikilize. Tangu siku hiyo nilisema Kiswahili tu, na ilikuwa heri, kwa sababu wodi niliyopewa ilikuwa na watu wa kila kabila na lugha nyingine isingetufaa.

Ilikuwa wodi ya kifua. Ilijengwa mbali na majengo mengine, chini ya mikaratusi, na madirisha yake hayakufungwa masika wala kiangazi, kwa kuwa hewa nayo ilihesabiwa kuwa dawa. Wagonjwa walilala na blanketi tatu na kofia. Upande mmoja wanaume, upande wa pili wanawake, na katikati baraza refu lililopata jua kuanzia saa tatu asubuhi.

Aliyenipokea aliitwa Mzee Kalebu. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, tangu enzi za Waingereza, hana cheti hata kimoja, na madaktari walipokuja wapya ndiye aliyewaambia kwa upole dawa ziko kabati gani na wagonjwa gani ni waongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa sindano kumi na mbili na jiwe la kunolea.

"Binti, shuleni wamekufundisha kuchoma," alisema. "Kunoa je?"

Ninyi mnaofungua sindano kwenye karatasi yake na kuitupa hamwezi kujua. Sindano zetu zilitumika mpaka ziwe butu. Jioni unazinoa moja moja, kisha unapitisha ncha juu ya pamba. Ikiteleza, ni nzima. Ikinyakua uzi wa pamba, ina ndoano, na kesho itanyakua nyama ya mtu. Wiki ya kwanza zangu zilinyakua pamba zote kumi na mbili. Mzee Kalebu hakunigombeza. Alinionyesha tu makalio ya mgonjwa mmoja, akasema, "Huyu alichomwa na aliyekutangulia." Wiki ya pili nilijua kunoa.

Jambo la pili alilonifundisha ni hili: adui wa wodi ile hakuwa kikohozi. Adui alikuwa nafuu. Miezi ya mwanzo mgonjwa alichomwa sindano kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki, na vidonge vikubwa vichungu akavimeza kwa mwaka na nusu. Lakini mwezi wa pili tu homa inashuka, anakula, mashavu yanajaa. Anajitazama, anajiona mzima, anakumbuka shamba lake na mke wake. Asubuhi unakuta kitanda kimetandikwa vizuri sana. Kitanda kilichotandikwa vizuri kilitutisha kuliko damu kwenye kikombe cha makohozi. Baada ya miezi sita mtu yule yule analetwa kwenye machela, na safari hii ugonjwa hausikii tena dawa.

Mwaka wangu wa kwanza walitoroka kumi na mmoja. Tulijaribu kuwatisha, tukajaribu kuwabembeleza. Mchungaji alikuja akahubiri juu ya uvumilivu, na wiki ile wakatoroka wawili zaidi.

Kisha akaletwa Mwalimu Eliakimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na tano, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na namna ya kukutazama kama amekukuta na kosa la tahajia. Wiki tatu alilala akitazama dari. Wiki ya nne aliomba daftari. Wanafunzi wake wa zamani walimletea mengi, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, naye akaanza kuandika kila mchana, kurasa mbili kwa siku, na akiwa na homa ukurasa mmoja.

Nilimuuliza, "Mwalimu, unaandika barua kwa nani ndefu hivyo?"

"Si barua. Ni vita."

Hadithi aliiita Milango Tisa. Mfalme mmoja wa chini ya ardhi, jina lake Kame, ameiba mvua yote ya dunia na kuifungia ndani ya mlima Shengena, nyuma ya milango tisa. Kila mlango una mlinzi wake: joka, kipofu anayeona ndoto za watu, upepo wenye meno, mambo ya namna hiyo. Msichana aitwaye Mbazi, binti wa mfinyanzi, anaondoka kwenda kuifungulia mvua, na mwenzake wa safari ni ng'ombe dume anayejua kusema lugha nne.

Kifua cha Mwalimu hakikumruhusu kusoma kwa sauti, na mwandiko wake, kwa mtu aliyewachapa watoto kwa ajili ya mwandiko, ulikuwa aibu. Mimi peke yangu niliweza kuusoma. Ndivyo nilivyojikuta kila siku saa nne asubuhi nimekaa barazani na daftari mkononi, wanaume wamekaa kuume, wanawake wamevuta viti hadi mlangoni kwao. Kabla ya kusoma niliyaanika madaftari juani nusu saa, kurasa wazi, ili vijidudu vife. Wagonjwa waliyatazama yakianikwa kama watu wanaongoja nyama ikauke.

Siku ya tatu ya kusoma, nilipofunga daftari, wote waliinuka wakaenda zao na trei ya vidonge ikabaki imejaa. Mzee Kalebu aliitazama trei, akanitazama mimi. Kesho yake alisimama barazani akatangaza: "Sindano kwanza. Kisha vidonge, na mdomo unafunguliwa nione. Kisha ndiyo mlango." Hakuna aliyebisha. Tangu asubuhi hiyo sikukimbizana na mgonjwa tena. Walipanga foleni wenyewe, na aliyechelewa walimsukuma mbele ili amalize upesi.

Wasikilizaji wawili walikuwa na kelele kuliko wote. Wa kwanza ni Nandonde, mkata mkonge kutoka mashamba ya chini, Mmakonde wa Newala, aliyekuja kwetu mapafu yote mawili yakiwa yameliwa. Alicheka kila kitu, na kila akicheka alikohoa, na akikohoa alinyoosha kidole nisubiri, ili asipitwe. Wa pili ni Lekishon, mfugaji wa Kimasai kutoka nyika ya upande wa Ruvu, mrefu kuliko kitanda chake, mtu wa miaka thelathini na kitu. Joka hakulijali. Alichotaka kujua ni habari za ng'ombe.

"Ng'ombe huyu rangi gani?" aliuliza siku ya kwanza.

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu hakuwa ameifikiria.

"Ana mabaka," alisema Mwalimu kwa tahadhari.

"Basi anaitwa Sambu," akasema Lekishon, kwa kuwa kwao mwenye mabaka ndilo jina lake. Kesho yake ng'ombe aliandikwa Sambu. Nadhani pale ndipo Mwalimu alipokosea. Ukishamruhusu msikilizaji akupe jina, atataka na mengine.

Mlango mmoja ulichukua mwezi na zaidi. Tulipita wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Muda wote huo aliondoka mgonjwa mmoja tu, naye aliondoka kwa ruhusa, akilia, kwa sababu alipona kwenye mlango wa tano. Alirudi mara mbili kliniki akilalamika kifua. Kifua kilikuwa safi kama kioo.

Kwenye mlango wa saba Mwalimu alimuua Sambu.

Sitasahau asubuhi ile. Mbazi na ng'ombe wamefika kwenye mto wa chumvi, jua kali, Sambu ana kiu, anakunywa, anaanguka. Wanawake mlangoni walikuwa wanalia. Nandonde hakucheka. Lekishon aliinuka, akatazama milima, akasema polepole, "Ng'ombe hanywi maji kabla ya kuyanusa. Anajua lugha nne, halafu anakunywa chumvi kama mtoto?"

"Alikuwa na kiu," alisema Mwalimu.

"Wewe umeshawahi kuchunga?"

Mwalimu akafunika kalamu yake. Hakuwahi.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha Lekishon kilikuwa kimetandikwa vizuri sana.

Nilimwendea Mwalimu moto moto. Nikamwambia, "Mwalimu, mfufue."

"Nani?"

"Sambu. Andika kwamba alizimia tu. Huyu mtu hajamaliza hata nusu ya dawa. Atakufa kwa sababu ya mto wako."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nesi, mimi sijamfukuza mtu. Na ng'ombe amekufa. Nimeandika kwa wino." Lakini siku ile hakuandika hata mstari.

Siku nne zilipita. Mzee Kalebu aliniita chumba cha dawa. Mezani alikuwa ameweka kopo lenye sindano mbili zilizochemshwa, chupa ndogo ya spiriti, pamba, na dawa ya siku tatu. "Sijakutuma popote," alisema. "Una siku zako mbili za mapumziko, unaweza kutembea utakako. Watu wengine huenda kwa ndugu zao."

Nilishuka na lori hadi Same. Kutoka pale nilipata kuelekezwa na mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa amekuja mnadani, nikatembea naye kwa miguu kuvuka reli, tukaingia nyikani. Nilikuwa nimevaa viatu vya wodi. Nawashauri msivae viatu vya wodi. Miiba ya kule haijali taaluma. Tulifika bomani jua likiwa limeinama, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Lekishon mwenyewe, amesimama kati ya ng'ombe wake, amenenepa, anang'aa, anakohoa.

"Shikamoo, kaka," nilisema.

"Marahaba, Nesi. Umekuja kunichukua. Mimi nimepona."

Njiani nilikuwa nimetunga hotuba ndefu juu ya mapafu. Nilipomwona anavyonitazama, nikajua haitafika popote. Nikamwambia, "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kuhusu Sambu. Mwalimu amekwama. Tangu uondoke hajaandika kitu."

Mke wake alinipa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, nikanywa. Lekishon alichuchumaa karibu yangu.

"Hajaandika kabisa?"

"Hata mstari."

"Kwa sababu anajua amekosa," alisema, akiwa ameridhika mno. Kisha, huku watoto wake wakituzunguka kutazama, alinieleza kuhusu ng'ombe na maji mpaka mifugo yote ikaingia zizini: namna anavyosimama mbali na kisima akipanua pua, namna dume linavyoyakataa maji ambayo jike amekunywa. Nilimsikiliza, na alipofika katikati ya maelezo nilimwambia ageuke. Akageuka, akaendelea kueleza, nikamchoma. Sindano haikunyakua kitu.

Nilipofungasha asubuhi, nikamwambia, "Haya yote mimi siwezi kumweleza Mwalimu. Nitayachanganya."

"Utayachanganya," alikubali. "Wewe ni mtu wa migomba." Akaingia ndani, akatoka na shuka lake na fimbo.

Kwa hiyo Lekishon alirudi wodini, naye hakurudi kwa ajili ya kutibiwa. Alirudi kugombana na mwandishi. Walikaa barazani siku mbili nzima, mmoja anapiga fimbo chini, mwingine anapiga kalamu kwenye goti. Mwishowe Mwalimu alisoma mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, ukurasa wa kwanza wa mlango wa nane. Ulifichua kwamba Mfalme Kame alikuwa ameondoa harufu ya chumvi katika mto ule kwa uchawi, akijua kuwa ng'ombe asingekunywa vinginevyo.

Lekishon alitaka mstari huo usomwe tena, ukasomwa.

"Hapo sawa," alisema. "Kwa uchawi ng'ombe yeyote anaweza kufa." Akapanga foleni.

Mlango wa nane ulipofika katikati, Nandonde alianza kuzidiwa. Hakuweza tena kutoka kuja barazani, tukasogeza kitanda chake dirishani asikie. Hakuomba padri wala barua iandikwe kwao. Asubuhi moja wenzake wakiwa nje juani, nami natandika kitanda cha jirani yake, alimwita Mwalimu.

"Mwalimu, mimi sina muda wa kungoja mlango wa tisa. Niambie tu."

Mwalimu alinitazama. Nikaendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa tayari limekunjwa. Akavuta kiti, akaketi, akainama karibu, na akamwambia mwisho.

Alimwambia kwamba Mbazi alipofungua mlango wa tisa hakumkuta mfalme wala joka. Alikuta watu. Wote waliowahi kuondoka makwao kwa ajili ya ukame, waliokwenda kutafuta kazi mbali wakasahaulika, walikuwa wamesimama mle ndani ya mlima wakingoja. Nao ndio walikuwa mvua. Mlango ulipofunguka walipanda juu, wakawa mawingu, na kila mmoja akaelea kuelekea kwao, akashuka mahali alipozaliwa, juu ya paa la nyumba yake hasa. Sambu alikuwa anawatangulia akinusa njia. Na mmoja alikwenda kusini mbali sana, mpaka uwanda wa Makonde, ambako wanawake hushuka mteremko mzima na ndoo kufuata maji, akanyesha nje ya mlango wa mama mmoja, na mama yule siku hiyo hakushuka.

"Newala?" aliuliza Nandonde.

"Newala."

Nandonde alianza kucheka, akakohoa, akanyoosha kidole tusubiri. Tulisubiri. "Wataona ajabu," alisema. "Kwetu hata umande huja kwa barua."

Alifariki siku ya tatu yake, saa nane mchana. Mimi nilimfunga kidevu, Mzee Kalebu akamfunga miguu. Wodi haikutaka kusomewa kwa wiki moja. Walimeza vidonge bila kuambiwa.

Wakati huo huo Azimio la ujamaa lilikuwa limetangazwa. Redio ya wodi, ambayo zamani ilikuwa ya muziki, ikawa ya hotuba, na Mwalimu Eliakimu akawa anaisikiliza sikio likiwa kwenye kitambaa cha spika. Alichangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Alizungumza juu ya vijiji vya kuishi pamoja, visima vya wote, mashamba ya wote. Alianza kutuita ndugu, hata daktari. Alikuwa pia anaandika kurasa nne kwa siku badala ya mbili, na alinikataza kuchungulia.

Mlango wa tisa niliusoma Jumamosi. Walikuja wote. Alikuja mpishi na mwiko wake, wakaja manesi wa wodi ya wazazi, akaja yule aliyepona kwenye mlango wa tano, kifua kimemuuma kwa bahati siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa najua kinachokuja, na nilikuwa nimejiandalia kitambaa mfukoni.

Nilisoma. Mbazi akafungua mlango. Mvua ikatoka. Hilo lilichukua ukurasa mmoja na nusu, nalo lilikuwa zuri. Kisha, juu ya ukurasa wa tatu, nikakuta maneno haya: "Ndipo wananchi wote wakaitwa mkutanoni."

Nilidhani nimegeuza kurasa mbili pamoja. Nikaangalia. Hapana.

Mkutano ule uliendelea kwa kurasa kumi na tisa. Walichaguliwa mwenyekiti na katibu. Iliundwa kamati ya mvua, ikapanga zamu za vitongoji. Mzee mmoja alitoa hoja, hoja ikaungwa mkono. Mfalme Kame, yule aliyetoa macho ya kipofu na kuondoa harufu ya chumvi, alikiri makosa yake, akasamehewa, na kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa kutunza vitu akateuliwa mtunza ghala. Mbazi ndiye aliyekuwa katibu. Mstari wa mwisho wa Milango Tisa, baada ya zaidi ya mwaka wa majoka na upepo wenye meno, ulikuwa huu: "Mkutano ulifungwa saa kumi na moja jioni."

Nilifunga daftari. Mpishi alikuwa bado ameshika mwiko hewani.

"Kwisha?" aliuliza Lekishon.

"Kwisha."

"Na Sambu?"

"Hayumo."

"Hata kwenye mengineyo?"

Nilifungua tena nikatazama. Kwenye mengineyo walizungumzia choo.

Hapakuwa na kelele. Ingekuwa afadhali kelele. Waliinuka mmoja mmoja, wakakunja blanketi zao, wakaingia ndani. Mama mmoja upande wa wanawake alisema tu, "Kumbe," na neno hilo lilitosha. Mwalimu alibaki kitini, mikono juu ya magoti, akijaribu kuonekana kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilimngojea mpaka baraza likawa tupu. "Mwalimu," nilisema, na nakiri sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mkubwa wake, "mbona si ule? Ule uliomwambia Nandonde?"

"Ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa natandika."

Alitazama mikaratusi. "Ule nilimtungia mtu anayekufa, Nesi. Ulikuwa wake, na amekwenda nao. Hawa wataishi. Mvua ikishanyesha watagombana juu yake kabla haijakauka. Watahitaji mwenyekiti."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naona kwamba ana haki, na kuona hivyo kulizidisha hasira. Nikachukua madaftari tisa nikayaweka kabatini. Ule mwisho mwingine sikumwambia mtu, mpaka leo ninapowaandikia ninyi.

Jumapili ilikuwa ndefu. Mzee Kalebu alizunguka wodi akikagua vitanda kwa namna mtu anavyokagua paa kabla ya masika. Hadithi imekwisha, wagonjwa ishirini na mmoja, wengi wao wamenenepa, walikuwa wamebakiza miezi minne, mitano, minane ya dawa, na hatukuwa na kitu kingine cha kuwashikia. "Yule wa Ruvu akiondoka safari hii," aliniambia, "sina dawa ya kukupa ukatembee nayo."

Yaliyowapata baadaye nitayasema hapa ili nisiyasahau. Mwalimu Eliakimu aliruhusiwa kabla ya mwaka kwisha. Akaenda kuishi kijiji kipya cha ujamaa huko tambarare, na nilisikia walimchagua katibu, na kwamba kumbukumbu zake za mikutano zilikuwa ndefu kuliko mikutano yenyewe. Madaftari aliondoka nayo. Mzee Kalebu alistaafu bila hotuba, kwa ombi lake, akaniachia jiwe la kunolea, nami nikalipoteza katika kuhamahama. Lekishon alimaliza miezi yake kumi na minane. Picha yake ya mwisho ya kifua daktari aliiinua dirishani akaitazama mara mbili, akidhani amepewa ya mtu mwingine.

Lakini Jumatatu ile hatukuyajua hayo. Niliamka mapema nikachemsha sindano, zote, kama kawaida, kwa sababu sikujua la kufanya nisipochemsha. Saa tatu nilibeba trei kwenda barazani nikiwa sitaki kuinua macho, nisije nikaona vitanda.

Nilisikia kelele kabla sijafika. Walikuwa kwenye foleni wote ishirini na mmoja, na walikuwa wanagombana.

"Mtunza ghala!" alikuwa anasema mtu mmoja wa kijiji cha Mwembe. "Mwizi wa mvua unampa funguo?"

"Amekiri," alisema mwingine. "Hukusikia? Amekiri mbele ya wananchi."

"Mimi namkubali mwenyekiti," alisema yule mama wa "Kumbe" kutoka upande wa pili. "Ila zamu za vitongoji hazikuwa za haki. Wa juu wamepata siku tatu, wa chini moja. Nani alipanga?"

"Kamati."

"Kamati ya nani?"

Mwalimu alikuwa katikati yao, mkanda wa suruali umelegezwa tayari, anajaribu kueleza maana ya hoja kuungwa mkono, na hakuna aliyemsikiliza. Lekishon alikuwa wa kwanza. Alinigeukia akiwa ametandaza shuka lake bega moja, ameshika fimbo.

"Nesi, wewe umesoma. Katika mkutano ule, mtu akitaka kuuliza habari za ng'ombe, anaanza kwa nani? Kwa katibu au kwa mwenyekiti?"

"Kwa katibu," nilisema. "Geuka."

"Na katibu akikataa kuliandika?"

Nikapaka spiriti. Nyuma yake foleni ilisogea karibu, kwa kuwa hilo wote walitaka kulijua.

"Unaitisha mkutano mwingine," nilimwambia, nikamchoma.